Uzi: Mpaka wa mstari katika michezo ya mikakati ya kihistoria, na watawala ambao hawakuujua mstari huo

Mchoraramani (mwanzisha uzi)

Ndugu zangu, naomba tulijadili jambo ambalo limenikaa kichwani tangu nilipojaribu kuchora jimbo langu mwenyewe katika ramani ya Europa Universalis IV. Mchezo huo wa mwaka 2013 huihifadhi dunia katika picha moja yenye upana wa pikseli (nukta ndogo za picha) 5632 na kimo cha pikseli 2048, na kila jimbo limepakwa rangi ambayo jimbo jingine lolote halina. Rangi hizo mchezaji hazioni kamwe, kwa sababu kazi yake ni utambulisho tu: kompyuta inasoma kiasi cha nyekundu, kijani na bluu kilichomo ndani ya pikseli, inakitafuta katika orodha iliyo pembeni, kisha inajua kwamba hapo ni jimbo fulani. Mimi nilitumia brashi inayolainisha kingo, kama afanyavyo mtu anayechora picha ya kawaida. Kumbe kulainisha kingo ni kuchanganya rangi mbili pale zinapokutana, na kila mchanganyiko ukawa rangi mpya isiyokuwamo kwenye orodha. Nilidhani nimechora jimbo moja, kumbe nimezaa mamia ya vipande vya pikseli mojamoja visivyo na jina wala mwenyewe, na mchezo ukagoma kufunguka.

Nilikesha nikivifuta kimoja baada ya kingine, na katika kufuta huko ndipo nilipotambua kosa langu lilikuwa nini hasa. Nilikuwa nimechora mpaka unaofifia, na mashine haikubali kitu cha namna hiyo. Pikseli ni ya huyu au ni ya yule, na ikikosa mwenyewe dunia nzima inasimama. Nikajiuliza: je, mpaka unaofifia si ndio hasa waliokuwa nao watawala wengi ambao mchezo huu unadai kutuonyesha?

Hoja yangu ni kwamba michezo hii huuliza "kipande hiki ni cha nani?" wakati sehemu kubwa ya historia inayoigizwa iliuliza "mtu huyu anamtii nani?" Maswali hayo mawili hayatoi ramani moja.

Chukueni Normandy, jimbo la kaskazini mwa Ufaransa. Crusader Kings III, mchezo wa mwaka 2020, ulipotoka ulianzia 867 au 1066, na kwa sifa yake ndio unaojali zaidi uhusiano wa mtu na mtu. Hata hivyo kanuni zake hazimruhusu mfalme kuwa chini ya mfalme mwenzake, kwa hiyo mtawala wa Normandy akishavaa taji la Uingereza, mchezo hauna budi kuchagua: Normandy ama imo ndani ya Ufaransa ama imetoka. Katika historia, mtu yuleyule alikuwa mfalme ng'ambo moja ya bahari na mtu wa chini ng'ambo ya pili, na jambo hilo halikuwa pambo la sherehe. Mwaka 1202 Philip II wa Ufaransa alimhukumu John wa Uingereza kama bwana anavyomhukumu mtu wake aliyekaidi wito, akatangaza kwamba amepoteza ardhi alizozishika kutoka kwake, na kufikia 1204 Normandy ilikuwa mikononi mwa Philip. Mwaka 1259 Henry III alikubali kwa mkataba kuishika Gascony, nchi ya kusini-magharibi mwa Ufaransa, kama mtu wa chini wa Louis IX, na mwaka 1337 Philip VI alipotangaza kuitwaa Aquitaine, yaani eneo hilohilo la Gascony, kutoka kwa Edward III aliegemea haki ya aina hiyohiyo. Vita vya Miaka Mia vilianza na ugomvi wa nani apige magoti mbele ya nani na kwa maneno gani. Jambo kama hilo unalipaka rangi ipi?

Au chukueni visiwa vya Ryukyu. Baada ya jeshi la Satsuma, jimbo la kusini mwa Japani, kuvivamia mwaka 1609, mfalme wa Ryukyu alimtumikia mtawala wa Satsuma huku akiendelea kupeleka ushuru wa heshima China, na wajumbe wa China walipofika, maofisa wa Satsuma walijificha ili wageni wasiwaone. Hali hiyo ilidumu zaidi ya miaka 200, hadi Japani ilipovigeuza visiwa hivyo kuwa mkoa wa Okinawa mwaka 1879. Katika Europa Universalis IV nchi iliyo chini ya nyingine huwa na mkubwa mmoja tu, hata ikiwa ni ya kulipa ushuru. Kwa hiyo Ryukyu ya kweli, ile yenye mabwana wawili ambao mmoja wao hatakiwi kumwona mwenzake, haiwezi kuwako ndani ya mchezo huo. Kambodia iliyokuwa ikiwalipa Siam na Vietnam kwa wakati mmoja nayo haimo.

Kiswahili chenyewe, nikiruhusiwa kuchepuka kidogo, kinalijua jambo hili. "Mpaka" ni mstari unaotenganisha, na "mpaka" ni "hadi", yaani mwendo unaotoka mahali na kufika mahali. Michezo imechukua maana ya kwanza ikaiacha ya pili.

KeteYaMbao

Mkuu, nimeisoma hoja yako kwa makini na ninaikubali nusu. Nusu nyingine ninaikataa, kwa sababu unauhukumu mchezo kana kwamba ni kitabu cha historia kilichokosewa, wakati mstari huo uliingia kwenye michezo kwa sababu za mezani kabla ya michezo ya kompyuta kuenea.

Mchezo wa Risk, uliobuniwa na Mfaransa Albert Lamorisse na kutoka mwaka 1957, uligawa dunia katika maeneo 42, na Afrika nzima ikapewa sita. Hakuna aliyedhani kwamba maeneo hayo ni nchi. Diplomacy, mchezo wa Allan Calhamer uliotoka mwaka 1959, una maeneo 75 ya nchi kavu na bahari, na 34 kati yake ndiyo yenye vituo vya kulisha majeshi. Uswisi imo kwenye ubao lakini hakuna jeshi linaloruhusiwa kuingia. Katika mchezo huo mpaka una kazi moja tu, nayo ni kukuambia jeshi hili linaweza kusogea wapi kwa hatua moja. Ni mlango ulio kati ya chumba na chumba. Ukiufanya ufifie, wachezaji saba waliokaa mezani watabishana usiku kucha kama jeshi limeingia au halijaingia.

Pili, tusiwafanye watu wa kale kuwa wageni kabisa wa mistari. Mkataba wa Pirenei wa mwaka 1659 uliipa Ufaransa sehemu ya Cerdanya, bonde la milima ya Pirenei, na katika makubaliano ya mwaka uliofuata vilihesabiwa vijiji 33 vya kukabidhiwa. Llívia ilibaki Hispania kwa hoja kwamba yenyewe ina hadhi ya mji na mkataba ulitaja vijiji. Mpaka leo ni kipande cha Hispania kilichozungukwa na Ufaransa pande zote. Hao walikuwa watu waliojua kuhesabu vipande kuliko mashine yako.

Mchoraramani

Ndugu KeteYaMbao, mfano wa Llívia ni mzuri kiasi kwamba nimeuonea wivu, lakini utazame tena. Walichohesabu ni vijiji, yaani makazi ya watu yenye hadhi za kisheria, na mstari ukajitokeza kama matokeo ya hesabu hiyo. Hakuna aliyeanza na mstari kisha akauliza umekata nini. Utaratibu wa kuanza na mstari ulienea baadaye, wakati wapimaji walipokuwa na vyombo, na watawala wakawa na sababu ya kuwalipa.

Kuhusu mezani nakubali. Mchezo unataka uamuzi, na uamuzi unataka jambo lisilo na shaka. Ninachopinga ni kwamba kompyuta, ambayo inaweza kutunza namba elfu kwa kila kipande bila kuchoka, imeendelea kutumia utaratibu wa ubao ambao ulilazimika kuwa rahisi kwa sababu binadamu ndiye aliyeubeba kichwani.

Msafiri_wa_Usiku

Naomba kuuliza, na mnisamehe kama swali ni la kitoto. Nakumbuka Civilization ya kwanza kabisa haikuwa na mipaka yoyote. Je, ilikuwa kasoro au ilikusudiwa?

BuniMchezo

Si swali la kitoto hata kidogo, na jibu lake linaisogeza mada. Katika Civilization ya mwaka 1991 mji ulikuwa na vigae (miraba midogo ya ramani) 21 unavyoweza kuvilima, yaani kile cha katikati na 20 vinavyouzunguka, na hapo ndipo umiliki ulipoishia. Kati ya miji yako miwili kulikuwa na ardhi isiyo ya mtu. Waliocheza wanakumbuka uchungu wake: unajenga himaya kwa subira, kisha walowezi wa jirani wanatembea katikati ya nchi yako bila kuulizwa na kupanda mji kwenye pengo lililobaki kati ya mji wako mkuu na bandari yako. Hukuwa na la kufanya isipokuwa vita.

Mpaka, basi, uliletwa kama dawa ya kero hiyo, wala si kwa sababu za kihistoria. Uliingia katika Alpha Centauri mwaka 1999, mchezo uliobuniwa na Brian Reynolds, halafu Civilization III ya mwaka 2001 ikauunganisha na utamaduni: mji wenye mahekalu na maktaba ulisukuma mpaka wake mbele bila jeshi. Reynolds huyohuyo alitoa Rise of Nations mwaka 2003, na humo mpaka ukawa kitu kinachouma. Askari wa adui wakiingia ndani ya mipaka yako wanapungukiwa na uhai kidogokidogo hata kama hakuna anayewapiga, isipokuwa wawe na magari ya kuwalisha. Binafsi naona hapo ndipo mchezo ulipoikaribia historia kuliko ulivyokusudia, kwa sababu jeshi lililo mbali na chakula chake linakufa kwa njaa na maradhi kabla ya upanga. Yaani mpaka wa Rise of Nations ni ile maana ya pili ya neno aliyoisema mwanzisha uzi: hadi wapi unaweza kufika ukiwa hai.

Lakini ninaoupenda zaidi ni mpaka wa Civilization IV, ya mwaka 2005. Humo kila kigae kinatunza alama za utamaduni za kila taifa lililowahi kukigusa, si za mwenyewe wa sasa peke yake. Ukiweka kishale juu ya kigae cha mpakani unasoma asilimia: wengi ni wenu, waliobaki ni wa jirani. Rangi inakwenda kwa mwenye alama nyingi, ila alama za mwenzake hazifutwi. Ukiuteka mji wa watu, unabaki na watu wao. Miji ya jirani inaendelea kuvuta vigae, na unaweza kujikuta umeshika mji ambao mashamba yake yote yana rangi ya adui, wakazi wana njaa na wanaasi. Nimewahi kuushikilia mji wa namna hiyo kwa zamu zaidi ya 40 kwa ubishi tu, nikilisha ngome isiyo na faida yoyote, hadi nikaurudisha kwa wenyewe kama zawadi katika mkataba wa amani.

Mchoraramani

Hicho ndicho nilichokuwa nakitafuta bila kukijua jina. Kigae kimoja, wadai wengi, na rangi ni ya anayeongoza tu. Inathibitisha kwamba kompyuta inaweza.

Crusader Kings nao una kitu cha jamii hiyo, na sikuutendea haki mwanzoni. Unatofautisha anayeishika ardhi kwa nguvu na anayestahili kuishika kwa haki. Ardhi imepangwa kwa ngazi, wilaya ndani ya jimbo, jimbo ndani ya ufalme, ufalme ndani ya himaya, na ngazi hizo zinabaki zilivyo hata mshikaji akibadilika. Ardhi ya ufalme mmoja ikishikwa mfululizo na mwenye ufalme mwingine kwa miaka 100, haki yenyewe huhama. Miaka 100 ni namba ya kubuniwa, lakini wazo la kwamba mazoea huzaa haki ni wazo ambalo wanasheria wa zama hizo wangelitambua mara moja.

Nikirudi kwa Civilization IV, ina kituko kimoja ambacho sijawahi kukizoea. Mkataba wa kupitishana mipakani ukivunjika, majeshi yako yaliyomo ndani ya nchi ya mwenzako hutupwa nje papo hapo, hata kama yalikuwa mwendo wa zamu kumi kutoka mpakani. Hapo mstari umekuwa na nguvu kuliko milima.

Mwanakaratasi

Mmezungumzia ardhi yenye wadai wengi. Mimi naomba tuitazame ile ambayo mchezo unasema haina mdai. Kwangu hapo ndipo penye uzito, kwa sababu rangi ya kijivu nayo ni dai.

Katika Europa Universalis IV sehemu kubwa ya mabara inaanza ikiwa wazi, tayari kwa walowezi. Ukibofya unaonyeshwa idadi ya wenyeji pamoja na namba mbili: wana uchokozi kiasi gani, na wana ukali kiasi gani. Hawana mtawala, hawana jina la nchi, hawana neno la kusema katika mazungumzo; ni kikwazo chenye kipimo. Victoria II ya mwaka 2010, inayoanza 1836, nayo iliacha maeneo mengi ya bara la Afrika yakiwa matupu yakisubiri kugawanywa. Victoria 3 ya mwaka 2022 ilijirekebisha kwa kuyapa maeneo hayo majina na watu wake, ikiyaita nchi zisizo na serikali kuu. Ni hatua, nami naipongeza, lakini nchi hizo haziwezi kuchezwa na kazi yake kubwa ni kuwa mahali ambapo wengine wanaanzisha makoloni. Wamepewa jina, hawajapewa kiti.

Kuna kejeli hapa. Mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, katika ibara ya 35 ya hati yake kuu, uliyataka mataifa yanayochukua sehemu mpya za pwani ya Afrika yawe na mamlaka yanayoonekana huko. Yaani hata wakoloni waliambiana kwamba rangi kwenye karatasi haitoshi. Mchezo unaoigiza zama zao ndio unaoridhika na rangi.

Wala rangi hizi si mchezo kwa kila mtu. Mwaka 2004 China iliupiga marufuku Hearts of Iron, mchezo wa mikakati ya Vita vya Pili vya Dunia, kwa sababu uliionyesha Tibet, Xinjiang na Manchuria kama nchi zinazojitegemea na Taiwan ikiwa chini ya Japani. Mtu anaweza kusema kwamba katika miaka ya 1930 Taiwan kweli ilikuwa chini ya Japani na Manchuria ilikuwa na dola la kibaraka, na atakuwa amesema kweli. Lakini waliofungia hawakuwa wakisoma ramani ya miaka hiyo. Walikuwa wanasoma dai lililotolewa mbele yao siku hiyo.

KeteYaMbao

Nyongeza fupi kuhusu ukubwa wa vipande, kwa sababu naona unasahaulika. Katika Empire: Total War, ya mwaka 2009, karibu Ufaransa yote ni jimbo moja ambalo makao yake ni Paris. Ukiiteka Paris, Ufaransa imekwisha. Bordeaux, Lyon na Marseille wanapata habari tu. Kipande kikiwa kikubwa kiasi hicho, hata mpaka mzuri kabisa hauna maana.

Msafiri_wa_Usiku

Je, suluhisho basi si kuvifanya vipande viwe vidogo zaidi na zaidi?

Mchoraramani

Ningejibu ndiyo kama nisingekuwa nimeicheza Europa Universalis V. Imetoka Novemba 2025, inaanza mwaka 1337, na ardhi yake imegawanywa katika vipande vidogo kuliko vya mtangulizi wake. Ramani ni nzuri kuitazama. Lakini pikseli bado ni ya huyu au ya yule, na Edward III hapigi magoti zaidi kwa sababu tu Gascony ina vipande vingi.

Kilichonivutia humo ni kitu kingine. Kila kipande kina kiwango cha udhibiti, na kiwango hicho hushuka kadiri unavyokwenda mbali na mji mkuu, kikisaidiwa na barabara, mito na bahari. Kipande chenye udhibiti mdogo kiko ndani ya rangi yako lakini kodi yake na watu wake wengi hawakufikii. Ukubwa ulioupata kwa upanga unautazama kwenye ramani na kujisifu, kisha unafungua hazina na kukuta nusu ya nchi haichangii kitu. Ule ufifiaji niliokuwa nikiulilia mpakani umehamishiwa ndani, na huenda hapo ndipo mahali pake panapostahili. Sultani wa Kilwa aliyeifaidi dhahabu ya Sofala, au Wareno walioishika Goa mwaka 1510 na Malacca mwaka 1511, walikuwa na bandari zilizounganishwa na maji, na nguvu yao ilikuwa ikipungua kwa kila hatua ya kuingia bara. Kwa mara ya kwanza nimeona mchezo unaohesabu kupungua huko badala ya kuuchora mstari nyuma ya bandari na kuuita nchi.

BuniMchezo

Kabla hatujaachana na vipande vidogo, nimefanya hesabu ya haraka kwa ajili ya Llívia ya ndugu KeteYaMbao. Mzingo wa dunia kwenye ikweta ni kilomita 40,075. Ukiugawa kwa pikseli 5632 za ramani ya Europa Universalis IV, pikseli moja inapata takriban kilomita saba. Ukipanda hadi latitudo ya Pirenei inabaki kama kilomita tano na kidogo kila upande, yaani zaidi ya kilomita za mraba 25. Llívia ina kama 13. Ukitaka kuichora utalazimika kuipa pikseli moja nzima, na pikseli hiyo itakuwa na ardhi ya Ufaransa kama nusu yake.

Mchoraramani

Nimeichora usiku huu, mkuu, na safari hii kwa penseli isiyolainisha kingo. Mchezo umefunguka. Ni nukta moja ya rangi ya Hispania, nami hushindwa kuibofya hadi nisogeze ramani karibu kabisa. Na kila jeshi la Ufaransa linalopita pale linasimama kuomba ruhusa.